Ukiombwa hongo ili upate haki yako: EACC, Ombudsman, IPOA au Mahakama Kuu?

Mtu akiombwa kitu kidogo nchini Kenya, ushauri anaopewa karibu kila mara ni ule ule: nenda EACC. Si ushauri mbaya, ila hautoshi. EACC, yaani Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, kazi yake ni kumsaka mla rushwa. Kijana anayezungushwa kitambulisho hana haja na mla rushwa. Ana haja na kitambulisho, maana bila hicho hasajili laini ya simu, hafungui akaunti, haajiriwi na wala hapigi kura. Mama aliyefika kujifungua akaambiwa atoe pesa kwanza anahitaji kitanda na mkunga usiku ule ule, si hukumu itakayosomwa mtoto akiwa darasa la tatu.

Magazeti hutuhesabia ufisadi kwa mabilioni. Mwaka 2020, katikati ya janga la Uviko-19, ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali uliibua maswali mazito kuhusu manunuzi ya shilingi bilioni 7.8 katika KEMSA, shirika la kusambaza dawa na vifaa vya hospitali. Kwa mgonjwa aliyepanga foleni, bilioni hizo ni dawa ambayo haipo dirishani. Na dawa hiyo hakuwa anaomba hisani: Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inataja afya, makazi, chakula, maji na elimu kuwa haki za kila mtu, na inasema waziwazi kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Kwa hiyo hongo moja huzaa mambo mawili kwa pamoja: kosa la jinai, na haki iliyozuiwa. Ofisi za kupeleka malalamiko nazo zimegawanyika hivyo hivyo. Ukichagua isiyokufaa unaweza kuona karani akifungwa pingu, na faili lako likabaki pale pale chini ya meza. Ndiyo sababu ya kuzipanga hapa ubavu kwa ubavu.

EACC: kama unataka aliyekuomba ashikwe

Hapa ni pa kwenda kabla hujalipa, na neno zito ni hilo "kabla". Sheria ya Hongo ya 2016 inamhesabu anayetoa kuwa mkosaji sawa na anayepokea, kifungo kikiweza kufika miaka 10. Wengi waliokwisha kulipa huingiwa na hofu wakanyamaza. Ukienda kabla, wewe ni mlalamishi. Unaweza kupiga 1551 bila malipo, kwenda kwenye dawati lao katika Huduma Centre, au kuripoti mtandaoni bila kutaja jina.

Kinachofuata, kwa jinsi kesi nyingi zinavyosimuliwa mahakamani, huenda hivi. Mpelelezi anakukabidhi kinasa sauti kidogo, nawe unarudi kuzungumza na yule karani ili madai yake yasikike kwa sauti yake mwenyewe. Zikiandaliwa pesa za mtego, namba za noti zinanakiliwa na noti zinapakwa unga maalumu. Akishapokea, maafisa wanaingia, wanampangusa vidole kwa pamba, na pamba hiyo inapelekwa kwa mkemia wa serikali. Kesi ya namna hii husimama kwa miguu yake. Hongo uliyolipa mwezi jana, uchochoroni, bila shahidi wala ujumbe wa simu, ni neno lako dhidi ya lake.

Udhaifu wa njia hii ni mwendo wake. EACC haishtaki. Inapeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye anaweza kulikubali, kulirudisha au kulifunga. Likifika mahakamani, kosa lazima lithibitishwe pasipo shaka ya msingi, na shahidi mkuu ni wewe. Utaitwa, kesi itaahirishwa, utaitwa tena.

Kuna kipengele kimoja kisichojulikana na wengi. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003, kifungu cha 51, inasema aliyefanya ufisadi anawajibika kumlipa fidia kamili mtu yeyote aliyepata hasara kwa sababu yake. Lakini shauri la jinai hunguruma kati ya Jamhuri na mshtakiwa, na mara nyingi aliyeumizwa huishia kuwa shahidi tu. Kama una risiti na stakabadhi za hasara yako, zitunze, na mapema kabisa umuulize wakili au kituo cha msaada wa kisheria namna ya kudai.

Ombudsman: kama unataka huduma yako itoke

Kwa mtu wa kawaida, huu ndio mlango ninaoupendekeza zaidi, na ndio unaosahauliwa zaidi. Jina rasmi ni Tume ya Haki za Utawala, CAJ kwa kifupi cha Kiingereza, na kaulimbiu yake ni "Hata mnyonge ana haki". Iliundwa kwa sheria ya 2011. Inashughulikia ucheleweshaji, matumizi mabaya ya mamlaka, upendeleo, ufidhuli na ukimya wa ofisi za umma. Malalamiko ni bure, unaweza kuyaeleza kwa mdomo yakaandikwa, na huhitaji wakili.

Nguvu yake iko hapa: huhitaji kuthibitisha kwamba uliombwa hongo. Karani mjanja hasemi "nipe elfu mbili". Anasema mtandao uko chini, anasema mkubwa hayupo, anasema rudi Jumatatu, halafu nje ya lango yuko kijana anayejua kila kitu na ana bei. Mbele ya EACC jambo hilo ni gumu kulishika. Mbele ya Ombudsman linakaa vizuri kabisa kwa sababu ushahidi ni kalenda: niliomba tarehe hii, sheria inatoa muda huu, leo imetimia miezi saba, nijibiwe kwa nini.

Barua inayofanya kazi ni fupi na kavu. Andika jina la ofisi na namba ya dirisha, tarehe ulizofika, namba ya risiti au ya maombi, maneno uliyoambiwa na aliyeyasema (cheo chake, au jina lililo kifuani), na mwishoni kile unachotaka: "Naomba hati yangu itolewe au nipewe sababu kwa maandishi." Acha laana na historia ya nchi. Nimesoma barua za kurasa sita zenye uchungu wa kweli ambazo ndani yake hamna hata tarehe moja, na ofisa anayezipokea hana pa kuanzia.

Tume hiyo hiyo ndiyo inayosimamia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, na hapa raia amepewa silaha asiyoitumia. Unaweza kuiandikia ofisi yoyote ya umma, kwa Kiswahili (sheria yenyewe inataja Kiingereza au Kiswahili), uombe rekodi: orodha ya waliopewa basari katika wadi yenu, mkataba wa kisima kilichokufa, sababu ya jina lako kuondolewa. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakikataa au wakinyamaza, unairudia Tume iliangalie upya. Nani alikula nini hakutajwi popote katika barua hiyo, ila mara nyingi ombi la orodha tu hufanya majina yaliyofichwa yaanze kutafutwa.

Sasa kasoro yake, na ni kubwa. Katika kulalamikia huduma, Tume hutoa mapendekezo. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2021, katika kesi ya bodi ya Vision 2030, mpango wa maendeleo wa taifa, kwamba mapendekezo hayo hayailazimishi taasisi husika. Ofisi yenye aibu hutekeleza, ofisi sugu hukaa kimya. Hata hivyo, mashauri mengi ya hati, pensheni na vyeti hayahitaji amri. Yanahitaji tu mtu mwenye muhuri aulize swali.

IPOA: kama aliyekuomba amevaa sare

Hongo ya polisi ina ubaya wake wa pekee, maana usipolipa unalala ndani. Hapo haki inayoguswa ni uhuru wa mwili wako. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, hupokea malalamiko ya raia dhidi ya polisi, na namba yao ni 1559. Kama ni hongo tupu barabarani bila kipigo wala kuwekwa ndani, EACC inafaa pia. Kama kuna jeraha, kifo, au mtu aliyezuiliwa hadi familia ikachanga pesa, anza na IPOA.

Siwezi kupendekeza njia hii bila kumtaja Willie Kimani. Alikuwa wakili wa Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na polisi mwaka 2015 kisha akalalamika kwa IPOA. Tarehe 23 Juni 2016, wakitoka mahakama ya Mavoko, wawili hao na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, walitekwa. Miili yao ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Maafisa watatu wa polisi na mtoa habari wao walitiwa hatiani mwaka 2022, na afisa Fredrick Leliman akahukumiwa kifo Februari 2023. Wauaji walipatikana na sheria ikafuata mkondo wake, baada ya watu watatu kufa kwa sababu mmoja wao alithubutu kuandika malalamiko.

Basi usiende peke yako. Pitia shirika la haki (Mombasa wapo Haki Africa na MUHURI), acha nakala ya malalamiko kwa watu wawili unaowaamini, na kama umetishwa sema hivyo siku ile ile ili suala la ulinzi wa mashahidi lianze kushughulikiwa. Hili halihusu polisi peke yao. David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyefichua nyaraka za kashfa ya ufisadi ya Goldenberg miaka ya mwanzo ya tisini, alikamatwa, akafutwa kazi, na akafariki mwaka 2006 akiwa fukara. Taifa zima lilijua alichokifanya.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu: kama mmeumizwa wengi

Kwa mtu mmoja na shida moja, KNCHR si ya haraka. Kwa kijiji kilichohamishwa, au jamii nzima inayopigwa msasa wa kitambulisho ambao wengine hawapigwi, inafaa sana: inachunguza, inapatanisha, na inaweza kuingia mahakamani upande wa haki. Wasomaji wa Tanzania wataona tofauti hapa. Kwao, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanzishwa mwaka 2001, inabeba kazi hii pamoja na ile ya Ombudsman, na rushwa yenyewe inapelekwa TAKUKURU kwa namba 113. Kenya iligawa kazi hizo mwaka 2011. Faida yake ni ofisi zenye utaalamu, hasara yake ni mwananchi anayerushwa huku na huku kama mpira.

Mahakama Kuu: kama unataka amri na fidia

Watu huiogopa kwa gharama. Ibara ya 22 ya Katiba inampa mtu yeyote nafasi ya kwenda Mahakama Kuu haki yake ikivunjwa, kwa niaba yake au ya wenzake, na inasema hakuna ada ya kufungua shauri hilo. Kanuni za 2013 zinaruhusu hata barua ya kawaida ipokelewe kuwa ombi. Wakili atagharimu, ni kweli, lakini mashirika mengi hubeba kesi zenye manufaa ya umma.

Kesi ya kuiangalia kwa karibu ni ya Owino Uhuru, hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kupata madini ya risasi kilifanya kazi ubavuni mwa makazi ya watu, kati ya 2007 na 2014. Watoto waliugua, mimba ziliharibika, watu wakafa. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe alidhurika kwa madini hayo ya risasi, akaanza kuuliza nani aliruhusu. Shauri lilifunguliwa mwaka 2016. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, yenye hadhi sawa na Mahakama Kuu, iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miongoni mwa waliobebeshwa lawama ni NEMA, mamlaka ya serikali ya kulinda mazingira.

Angalia majaji walichohitaji na ambacho hawakuhitaji. Hakuna aliyelazimika kuthibitisha kwamba ofisa fulani alipokea bahasha fulani. Swali lilikuwa kama dola ilikuwa na wajibu wa kuwalinda watu wale, na kama ilishindwa. Ushahidi ukapimwa kwa mizani ya uwezekano, ambayo ni nyepesi kuliko ile ya jinai. Kwa raia, tofauti hiyo ni kubwa kuliko zote katika ulinganisho huu, kwa sababu bahasha hupewa gizani, ila madhara yake huonekana mchana.

Mfano mwingine ni wa Bungoma. Mwezi Juni 2013 serikali ilitangaza kujifungua ni bure katika hospitali za umma. Miezi miwili baadaye mama mmoja akajifungulia sakafuni katika hospitali ya kaunti baada ya kutakiwa kujinunulia dawa, kisha wauguzi wakamtukana na kumpiga. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 na kuagiza aombwe radhi rasmi. Kesi ile haikuitwa ya ufisadi hata kidogo. Lakini wapi huduma ya bure inageuka kuwa ya kununuliwa, kama si pale ambapo pesa za dawa hazikufika wodini?

Kasoro za mahakama ni muda (miaka minane Owino Uhuru, karibu mitano Bungoma tangu siku ya tukio) na malipo. Sheria ya Kenya hairuhusu mali ya serikali kukamatwa kufidia deni la hukumu, hivyo unaweza kushinda na kuendelea kusubiri hundi.

Serikali inaweza kufanya nini

Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kutia saini na kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, tarehe 9 Desemba 2003. Ibara ya 35 ya mkataba huo inazitaka nchi zihakikishe aliyeumizwa na ufisadi anaweza kudai fidia. Pengo kubwa liko hapo, na halihitaji sheria mpya nyingi. Mahakama za ufisadi zikimhukumu mtu zimuite aliyepata hasara na kumsikiliza kabla ya kutoa adhabu. EACC ikipokea malalamiko ya hati iliyozuiwa, nakala iende kwa Ombudsman siku hiyo hiyo, ili mla rushwa achunguzwe na hati itoke, bila mlalamishi kupanda matatu mara mbili. Na hukumu za fidia zilipwe. Bajeti ikipata nafasi ya magari mapya, itapata nafasi ya Owino Uhuru.

Sheria mpya inayohitajika kweli ni moja, ya kuwalinda wafichuzi. Uganda ilitunga yake mwaka 2010, Tanzania mwaka 2015. Kenya imebaki na vifungu vilivyotawanyika, huku muswada ukiingia na kukwama.

Kuna pia suala la pesa zinazorudishwa. Mwaka 2022 Kenya na kisiwa cha Jersey walikubaliana kuhusu takriban pauni milioni 3 zilizotaifishwa huko katika kesi ya hongo iliyohusu kampuni ya umeme ya Kenya: zitumike kununua vifaa vya hospitali. Napenda mpango huo, maana pesa hazikurudi kwenye mfuko mkuu kupotea tena. Zilipewa kazi inayoonekana.

Uanzie wapi basi

Kama hujalipa, una ujasiri wa kutoa ushahidi, na unataka mtu huyo asimfanyie mwingine: EACC, leo. Kama shida ni hati, cheti, pensheni, basari au kitambulisho kilichokwama, anza na Ombudsman hata kama una hakika tatizo ni hongo. Dhidi ya polisi, IPOA, ukiwa na shirika nyuma yako. Mkiwa wengi na madhara yameshatokea, tafuteni wakili wa haki mapema, mkianza na kumbukumbu za hospitali, picha zenye tarehe na orodha ya walioathirika, kwa sababu miaka sita baadaye hakuna atakayekumbuka sawasawa.

Milango hii haifungiani. Unaweza kuripoti hongo EACC na kulalamikia ucheleweshaji kwa Ombudsman kwa wakati mmoja. Kinachofunga ni kesi: jambo likishafika mbele ya jaji, tume hizi kwa kawaida huacha kulichunguza, kwa hiyo mahakama iwe ya mwisho isipokuwa uhai uko hatarini. Kwa vyovyote vile, anza na ombi la maandishi kwa ofisi yenyewe, nakala mbili, yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akikataa kupiga muhuri, itume kwa rejista ya posta na utunze stakabadhi. Kama ni ombi la habari, hesabu siku 21 kuanzia hapo.